Gari la Mzee Linakwenda Nyuma Tu

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kwanza ya likizo. Wiki mbili bila kupima mizani ya mtu! Kazini mimi ni mkaguzi wa mizani. Nikiingia sokoni wauza nyama hukumbuka dini zao. Pacha wetu wako shule ya bweni, na mke wangu amenipangia kazi moja tu: kupaka rangi sebule. Nimemwambia naanza kesho.

Leo kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Jirani yetu, Mwalimu, mama mstaafu wa hesabu, ana kisiki uani kwake kinachomkera tangu mwaka jana. Kila nikipita anakitaja, halafu ananitazama. Na uani kwetu limeegeshwa gari la baba mkwe: kuukuu, refu, linavuta kwa magurudumu yote manne, linanguruma kama simba mwenye mafua. Mzee amekwenda kwa binti yake mkubwa kutibiwa macho. Ameniachia ufunguo na maagizo. Niliwashe mara moja kwa wiki, dakika tano, nizime. Lisiende popote. Alirudia mara tatu, ya tatu akiwa amenishika bega.

Nikawaza: kuliwasha nimeruhusiwa. Kisiki kipo nyuma ya ukuta tu. Nyuma ya ukuta si popote.

Nilifunga mnyororo, nikakanyaga mafuta. Kisiki kimetulia. Nikakanyaga zaidi. Magurudumu yanachimba, moshi unafuka, harufu kama ya nywele zilizoungua, Mwalimu anapiga kelele kwamba nimekosea pembe, nivute kwa nyuzi thelathini. Halafu kikasikika kimlio kidogo cha kusikitisha. Basi. Injini inanguruma, gari limesimama. Nimejaribu gia zote za mbele. Hakuna kitu. Gia ya nyuma? Safi kabisa!

Lango letu liko upande wa pili, kwa hiyo nimezunguka mtaa mzima kinyumenyume. Nimesalimia watu kwa utulivu, shingo imepinda, kama mtu aliyeamua mwenyewe. Muuza magazeti aliuliza nakwenda wapi. Nikamjibu narudi.

Kisiki kipo palepale.

Jumanne, 7 Mei

Nimemwita Fundi Kimya. Ana gereji nyuma ya kituo cha mafuta, na jina alipewa kwa sababu huongea kama mtu mwenye jino bovu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akanusa, akanipa na mimi ninuse. Oili ya otomatiki inatakiwa iwe nyekundu kama sharubati. Hii ilikuwa nyeusi kama majuto.

Kasema ndani ya giaboksi kuna mabamba ya klachi, duara nyembamba zinazobanana ndipo gari liende. Yale ya mbele yameungua. Giaboksi ishushwe, ifunguliwe, yawekwe mapya. Wiki moja, gerejini kwake.

Nikauliza ni kazi ngumu? Alilitazama gari, akanitazama mimi.

"Kwako, ndiyo."

Kwako! Mimi niliyekagua mizani ya malori! Alipoondoka nimetazama video mbili kwenye simu. Katika ile ya pili, jamaa aliyevaa kandambili anamaliza kazi yote kwa dakika ishirini na mbili. Kandambili!

Mpango: mzee anarudi Jumatatu tarehe ishirini. Nina karibu wiki mbili. Natengeneza mwenyewe, hapahapa uani, kimyakimya. Hakuna wa kujua. Mchana nimenunua mabamba, sili na oili mpya. Gari nimelifunika turubai.

Mke wangu ametoka zamu, akauliza turubai la nini. Nimesema jua linaharibu rangi. Akasema kumbe neno rangi nalifahamu.

Jumatano, 8 Mei

Mke wangu alipotoka kwenda hospitali, nikaingia chini ya gari. Yeye ni mkunga. Ametulia kuliko watu wote ninaowajua, inaudhi.

Bolti za juu za giaboksi hazifikiki kwa mkono wa binadamu. Aliyezifunga alikuwa na viwiko vitatu. Nimezifungua kwa saa nne, spana moja nimeifunga kwenye mpini wa ufagio. Ngozi ya vidole imebaki huko juu.

Jamaa wa kandambili hakusema kwamba giaboksi ina uzito wa ndama. Kuepuka kishindo, nilitandika chini yake godoro la wageni. Akili hiyo! Jeki ikateleza. Giaboksi ikashuka yenyewe, kwa kasi yake, na oili yote niliyosahau kuimwaga ikatoka. Godoro limekunywa. Mimi nimeoga.

Mke wangu akarudi mapema. Kaona miguu yangu imetokeza chini ya gari, kaona godoro limelowa, kaona na mimi kuanzia kifuani kwenda juu. Mtu mwingine angezimia. Yeye aliinama, akanusa, akauliza giaboksi?

Nikakiri. Kidogo. Nilisema ni matengenezo ya kawaida.

Kasema amekaa leba miaka kumi na tisa, ameona watu wakichafuka kuliko mimi, lakini wao mwishoni walipewa mtoto. Halafu akaniambia godoro lile ndilo baba yake hulalia akija.

Ijumaa, 10 Mei

Viatu Vyeupe amekuja! Huyu ni mwanyumba wangu, yaani ameoa mdogo wa mke wangu. Anauza vigae. Gari lake ni jipya, linafungua milango kwa kukuona tu. Tangu nimjue sijawahi kuona tope kwenye viatu vyake, na mtu asiye na tope ana jambo analificha.

Kilichomleta ni gari la mzee. Sote tunajua kwamba siku moja mzee ataacha kuendesha, na gari litakwenda kwa mtu. Sote tunajua kwamba mtu mwenyewe anapaswa kuwa mimi. Yeye ndiye bado hajajua.

Alitaka kuliona. Nimemwambia limepumzishwa. Kauliza, limepumzishwa na nani? Nikasema wataalamu wanashauri magari ya umri ule yafunikwe kabisa, yasibughudhiwe. Akawa anazunguka turubai polepole, mikono nyuma, kama mgeni rasmi. Giaboksi wakati huo ilikuwa jikoni juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha maua.

Akaomba maji. Nikamwambia hakuna maji. Akasema lakini bomba la uani linatiririka. Nikasema hayo ni ya kumwagilia. Nimemnywesha soda ukumbini, nimeziba mlango wa jikoni kwa mwili wangu, mkono mmoja juu, kama napumzika.

Wakati wa kuondoka akasema anasikia harufu ya oili. Nimemwambia mke wangu anakaanga.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeifungua! Mwanadamu aliyebuni giaboksi ya otomatiki hakuwa na marafiki. Springi, pete, vibati, vijia kama vya mchwa. Vipande nimevipanga kwenye trei za mayai, kila shimo kwa namba. Hapo ndipo kazi ya ukaguzi inapolipa.

Mabamba ya zamani yameungua kweli, yamebaki chuma kitupu. Mapya yalikuwa na vumbi la dukani. Nimeyafua kwa sabuni ya unga, nikayaanika kwenye kamba ya nguo, yakabanwa kwa vibanio. Yamependeza.

Sasa msiba. Ndani ya kile kibati chenye vijia kuna gololi saba ndogo, kila moja na shimo lake. Nilizihesabu saba. Nikaenda kunawa. Nikazihesabu sita.

Na mlangoni anatoka bata wa Mwalimu, anameza kitu.

Jumapili, 12 Mei

Nimeshinda na bata.

Nimekwenda kwa Mwalimu asubuhi kumwomba aniazime bata wake. Kauliza kwa muda gani. Nikamwambia inategemea bata. Akataka maelezo. Nilipomaliza kueleza alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Baba Pacha, nimefundisha hesabu miaka thelathini na tano. Aliyepungukiwa na moja huanza kwa kuhesabu upya. Haanzi kwa kumtuhumu mnyama."

Lakini kanipa.

Kwa muda wa saa tisa. Chujio la chai mkononi. Kila bata alipoinama nilikuwa nyuma yake. Kila alipogeuka alinikuta. Kufika alasiri tulikuwa tunaelewana, nikadhani, hadi aliponing'ata. Nimechuja kila alichokitoa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Gololi hakuna. Mke wangu alikaa barazani akitazama, ana chai yake, isiyochujwa. Kaniuliza, huyu naye ameshafungua njia?

Jumatatu, 13 Mei

Gololi imepatikana. Mke wangu alikuwa anafua, ikaanguka kutoka kwenye mkunjo wa suruali yangu ya Jumamosi.

Nimemrudisha bata. Mwalimu kasema si yeye wa kuombwa radhi. Nikafikiri ni utani. Hakuwa anatania. Basi nimesimama uani kwa watu, kando ya kisiki, mkaguzi wa serikali mwenye kitambulisho, nikamwambia bata samahani.

Bata kanigeuzia mgongo. Kwa desturi aliyokwisha kuizoea.

Jumatano, 15 Mei

Nimeunga kila kitu. Siku mbili. Imebaki pete moja, bolti mbili na kitu kama kisosi. Viwandani huweka vya akiba, nadhani.

Kuipandisha giaboksi nimetumia jeki mbili, mkanda wa begi na lugha ambayo Mwalimu alifunga dirisha asiisikie. Saa tisa alasiri nikaweka oili mpya. Nikakaa kwenye usukani. Nikawasha. Simba akanguruma! Nikaweka gia ya mbele.

Hakuna kitu.

Nikaweka ya nyuma.

Hakuna kitu.

Kwa hiyo baada ya siku nane za kazi nimefanikiwa kuondoa ile gia iliyokuwa nzima. Nimekaa mle ndani muda mrefu, nimeshika usukani, siendi popote, kama mzee alivyoagiza.

Halafu simu. Shemeji, mke wa Viatu Vyeupe, furaha tele. Macho ya baba yameendelea vizuri, mume wake kajitolea kwenda kumchukua, wanafika Jumamosi badala ya Jumatatu. Na mzee amesema akishuka tu anataka kupanda gari lake azunguke mtaa.

Kajitolea! Nyoka wa vigae!

Mipango mitatu niliyoiandika jioni: moja, kusema gari limeibwa. Mbili, kuliegesha mlimani, likiachiwa breki litakwenda mbele lenyewe. Tatu, kuugua.

Alhamisi, 16 Mei

Nilianza na mpango wa tatu. Mke wangu kanipima joto, kanipima presha, akakaa kitandani miguuni pangu.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Kaniambia habari ambayo sikuijua. Mama yake alipoanza kuumwa, mzee alimpeleka kliniki kwenye gari lile kila Alhamisi kwa mwaka mzima. Mama alikuwa hawezi mitikisiko, kwa hiyo mzee alijifunza kuliendesha taratibu mno, hadi gia ikibadilika mtu hasikii. Mama alikuwa anasinzia njia nzima. Mzee mpaka leo huendesha vile, hata akiwa peke yake. Sasa macho yamepungua, pengine ni mizunguko michache iliyobaki.

Akaondoka kwenda zamu. Nikabaki natazama dari.

Nimekagua mizani miaka ishirini. Najua uso wa mtu anayejua jiwe lake la mizani limepungua. Leo niliuona kwenye kioo cha kabati.

Nikavaa, nikaenda kwa Fundi Kimya kwa miguu. Njiani nilitayarisha hotuba: jinsi nilivyotaka tu kumrahisishia kazi. Nilipofika nikaisahau. Nikasema, "Fundi, nimeharibu. Nisaidie."

Akafuta mikono, akaanza kupanga spana sandukuni kwa ajili ya kesho. Kwa mara ya kwanza nimeona faida ya jina lake.

Ijumaa, 17 Mei

Fundi amekuja alfajiri na jeki yake ya magurudumu. Giaboksi aliishusha kwa saa moja na robo. Bolti za juu hakuhangaika nazo, ana soketi yenye shingo ndefu. Nilimwonyesha mpini wangu wa ufagio. Aliutazama kwa heshima, kama unavyotazama picha ya marehemu.

Kafungua. Nilikaa kwenye ndoo, nikishika tochi na kuhesabu makosa. Pistoni ya klachi, lile duara linalosukuma mabamba, nililiweka kichwa chini. Kile kisosi si cha akiba, ndicho kiti chake. Pete nayo ni ya kuzuia oili isivuje. Bila yake oili yote inakwenda matembezi. Mabamba mapya aliyashika, akayanusa. Akauliza hii harufu ya maua ni nini. Nikamwambia sabuni. Akakaa chini kidogo.

Kumbe mabamba hayafuliwi. Yanalowekwa kwenye oili saa kadhaa yanywe, ndipo yavae. Ameyatupa pembeni, akatoa mengine kwenye sanduku lake, tayari yamelowekwa tangu jana. Nikajiuliza alijuaje. Sikumuuliza.

Gololi saba aliziweka kwa kidole kilichopakwa grisi, kila moja shimoni mwake, bila kutazama. Nimesema ile ya saba ilinisumbua. Kasema amesikia, bata wa watu.

Saa kumi jioni limewashwa. Fundi akaniashiria niingie. Nikaweka gia ya mbele. Gari likajivuta kidogo, likakohoa, LIKAENDA! Hatua sita, hadi langoni! Nimelia. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Fundi aligeuka akawa anafunga sanduku lake muda mrefu kuliko sanduku lenyewe.

Jumamosi, 18 Mei

Wamefika saa sita. Viatu Vyeupe alishuka wa kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye turubai na kulivuta kama anazindua jengo. Gari hili hapa! Limeoshwa, linang'aa. Uso wake ulikuwa zawadi yangu ya likizo.

Mzee kavaa miwani mipya minene. Nilimwamkia, akaniitikia, akanishika bega lilelile. Akapanda. Mke wangu akakaa pembeni yake, mimi nyuma. Akazunguka mtaa mzima, mwendo wa kusindikiza. Gia zikabadilika, sikusikia. Mke wangu alifumba macho njia nzima.

Tuliporudi mzee kazima, akasema, "Fundi amefanya vizuri."

Nikauliza fundi yupi, Baba? Kwa sauti ya mtoto mchanga.

Ndipo siri ikatoka mezani, mbele ya wote. Giaboksi ilikuwa inakufa tangu mwaka jana. Fundi Kimya alishamwambia. Mzee hakuwa na nguvu za kusimamia matengenezo, na alijua akinipa kazi ile nitamwahidi, kisha nitaahidi tena, kama sebule. "Kwa hiyo, mwanangu," akasema akijipakulia, "nikaona nikukataze."

Mwanyumba wangu alicheka hadi akapaliwa. Mke wangu alikuwa anajua. Fundi alikuwa anajua. Mwalimu, aliyealikwa chakula, alisema kisiki ni yeye aliyekipendekeza.

Mzee alingoja vicheko vipungue. Kisha kasema haya macho hayatoshi tena barabarani. Akatoa ufunguo mfukoni. Mimi nikaketi vizuri. Viatu Vyeupe naye akaketi vizuri. Mzee akampa mke wangu. Kasema yeye ndiye pekee katika nyumba hii anayejua kungoja kitu kitoke kwa wakati wake.

Nilipiga makofi. Wa kwanza kabisa. Hilo naomba liandikwe.

Jumamosi, 25 Mei

Nimetafakari wiki nzima. Watu wanadhani mzee alinicheka. Hawajamwelewa. Alikuwa na wakwe wawili hapa karibu, akatazama kote, na kazi ngumu ya ufundi akaielekeza kwa nani? Hakumtegea yule muuza vigae. Huo ni uteuzi!

Na ukitazama kwa haki, giaboksi ile imeshushwa mara mbili. Nusu ya kazi ni yangu. Fundi alirekebisha mambo madogo ya mwisho.

Leo asubuhi Viatu Vyeupe alipiga simu, sauti ya chini. Gari lake jipya linashtuka kidogo gia ikibadilika. Gerejini wanataka walikalie wiki nzima, naye ana safari Jumatatu. Akauliza, kwa kuwa mimi nimeshaziona za ndani, je, naweza kutupa jicho tu?

Nimemwambia alete. Nimechomoa kijiti, nikanusa, nikampa na yeye anuse. Sikusema neno. Akaogopa kabisa! Nimemwambia ni saa mbili, tatu, kulingana na mkono.

Mke wangu yuko zamu. Mwanyumba amekaa barazani na soda, viatu vimepangwa juu ya stuli. Mimi niko chini ya gari, naandika kwa kupumzika kidogo. Nimeshafungua bolti kumi na moja. Ya kumi na mbili imekatika kichwa, kikalia kama bastola ya sinema.

Ameuliza kule juu, nini hicho? Nimemwambia ndivyo magari mapya yanavyofunguka.